Lehemu ikishuka kwa mgonjwa wa saratani, usikimbilie kushangilia
Majibu ya damu yametoka. Mwaka jana lehemu, yaani kolesteroli, ilikuwa miligramu 230 kwa desilita. Leo ni 140, na mgonjwa hajameza dawa yoyote ya kuishusha. Ndugu wanampa hongera: angalau moyo uko salama!

Hiyo ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote. Lehemu inayoporomoka yenyewe huku nguo zikimpwaya mgonjwa ni jambo la kumweleza daktari mapema. Seli za saratani huzaliana kwa kasi, na kila seli mpya huhitaji lehemu ya kujengea utando wake, hivyo huivuta kutoka kwenye damu. Hamu ya kula nayo imekwisha. Katika baadhi ya saratani za damu, lehemu hushuka sana, kisha hupanda tena ugonjwa ukitulia. Kupanda huko ndiko kwa kushangilia.

Basi wapo wanaosema mgonjwa ale mafuta kwa wingi ili namba irudi juu. Hapana jamani. Mara nyingi ugonjwa ndio ulioishusha namba, na mafuta ya kwenye sahani hayaugusi ugonjwa huo. Anahitaji chakula cha kumrudishia nguvu na misuli, akisaidiwa na mtaalamu wa lishe.

Je, statini, yaani dawa za kushusha lehemu, huleta saratani? Uchambuzi wa mwaka 2012, uliokusanya majaribio 27 yenye watu wapatao 175,000, haukuona ongezeko la saratani kwa waliozitumia kwa takriban miaka 5. Lakini pia si tiba ya saratani. Nchini Uingereza, wagonjwa 846 wa aina moja ya saratani ya mapafu waligawanywa, nusu wakaongezewa pravastatini, aina mojawapo ya statini, juu ya kemotherapi. Haikuwarefushia maisha.

La mwisho ni lile la "tumalize saratani kwanza, mafuta ya damu yatasubiri". Hayasubiri. Sindano za kuzima homoni kwa saratani ya tezi dume huweza kupandisha lehemu. Asparajinesi, inayotumika kwa saratani ya damu, huweza kurusha trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) juu mno hadi kongosho likaumia. Omba upimwe mafuta ya damu kabla ya kuanza dawa, na kama tayari unatumia statini, nenda na pakiti yake: baadhi ya dawa za saratani hugongana nayo.