Wafuasi Wanaonunua: Kukuza Ukurasa wa Biashara Bila Kulipia Matangazo

Ukurasa wa biashara wenye wafuasi 12,000 na laiki 25 kwa kila posti una maradhi yanayojulikana. Wafuasi walinunuliwa, au walifuata zawadi, au walikusanywa kwa mtindo wa nifuate nikufuate. Mwenye ukurasa huo huja akiuliza afanye nini ili mtandao umsukume. Kabla ya kutafuta mbinu, afungue inboksi yake mwenyewe. Humo kuna maswali ambayo wateja wamemuuliza mwaka mzima, naye akawa anayajibu kimyakimya, mmoja baada ya mwingine. Hizo ndizo posti alizopaswa kuweka.

Tuchukue biashara moja tuifuate: mwokaji keki wa nyumbani, Dar es Salaam au Mwanza, anayeuza kwa kilo kupitia Instagram na WhatsApp. Mwenye duka la vitenge, fundi sofa na muuza vifaranga watabadilisha bidhaa tu. Utaratibu ni uleule.

Kwanza tuelewe posti inavyosafiri. Mtandao hauionyeshi kwa wafuasi wako wote kwa mkupuo. Huanza na kundi dogo, hutazama watu wanavyoipokea, kisha huamua kuisogeza mbele au kuiacha. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alieleza Januari 2025 kwamba mambo matatu yenye uzito mkubwa ni muda ambao watu wanatazama, laiki, na kutumiana. Laiki zina uzito zaidi kwa watu wanaokufuata tayari. Kutumiana kuna uzito zaidi posti inapotafuta watu wasiokujua. Sasa jiulize, mtu anamtumia mwenzake posti ya keki kwa sababu gani? Picha nzuri ya keki hupata laiki na kuishia hapo. Maelezo kwamba keki ya kilo 2 hutoa vipande 20 vya gramu 100 hutumwa kwa dada anayeandaa sendofu ya watu 60 na hajui aagize kilo ngapi.

Hapa ndipo wafuasi wa kununua wanapokuumiza. Akaunti bandia haitazami, haitumi, haiulizi bei. Kadiri zinavyozidi kwenye ukurasa wako, ndivyo posti inavyoangukia mikononi mwa watu ambao hawapo, na mfumo unasoma kwamba haikupendeza. Mwenye wafuasi 900 wa mjini kwake ana mtaji mkubwa kuliko mwenye 12,000 wa hewani. Akaunti bandia unazozitambua ziondoe kidogokidogo kwenye orodha ya wafuasi. Namba itashuka, iache ishuke.

Wasifu: mistari ya kumfanya mtu abaki

Mgeni akifika kwenye ukurasa anataka kujua vitu vinne: unauza nini, uko wapi, bei inaanzia ngapi, anaagizaje. Instagram inakupa herufi 150 tu kwenye wasifu, kwa hiyo "Mungu kwanza, mama wa wawili, ndoto hazifi" itabidi ikae kwenye ukurasa wako binafsi. Sehemu ya jina, ile inayoandikwa kwa herufi nzito, hutumika katika utafutaji. Usirudie hapo jina la akaunti. Andika "Keki za harusi Mwanza". Fikiri vizuri kabla ya kuandika, maana jina hilo huruhusiwa kubadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14.

Kiungo cha WhatsApp huandikwa wa.me/ kikifuatiwa na namba inayoanza na 255 kwa Tanzania au 254 kwa Kenya, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Kosa la kuibakiza ile sifuri ni la kawaida sana, na mwenye duka halijui kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kukibonyeza. Kibonyeze kwa kutumia simu ya mtu mwingine.

Bandika juu ya ukurasa posti tatu: orodha ya bei, jinsi ya kuagiza na kulipa, na kazi yako bora.

Bei iwekwe hadharani

"Bei njoo inboksi" imekuwa desturi, na ni desturi mbaya. Wanaoitetea wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba washindani wataiona bei. Mshindani anayetaka bei yako atamtuma shemeji yake aulize, na atapewa. Ya pili ni kwamba bei inategemea ukubwa na mapambo. Hii ni kweli, na ndiyo sababu ya kuandika "kuanzia". Anayeficha bei hupoteza watu wa aina mbili: mwenye fedha asiyependa kubembelezana, na mwenye haya anayeogopa kuuliza halafu akashindwa. Wote wawili huondoka kimya, kwa hiyo hasara yao haionekani kwenye daftari lolote.

Mfano wa maelezo yanayotosha chini ya picha: "Keki ya vanila, kilo 2, vipande 20. Sh 70,000. Tupo Mbezi Beach, usafiri ni wa mteja. Oda siku 2 kabla, malipo ya awali nusu." Mtu akiandika "bei?" kwenye maoni, na wataandika hata kama bei ipo, mjibu palepale hadharani. Wapo wanaosoma majibu bila kuandika chochote.

Maneno yenyewe ya maelezo yana kazi nyingine. Tangu Julai 2025 posti za akaunti za biashara zilizo wazi kwenye Instagram zinaweza kutokea pia katika utafutaji wa Google. Andika jina la bidhaa na la mji kwa maneno ambayo mteja angeyatumia kutafuta. Alama za reli (#) tatu hadi tano zinazohusu bidhaa na mahali zinatosha; kujaza majina ya wasanii wanaovuma hukuletea watazamaji wasio na haja na keki.

Video moja, kwa undani

Chukua swali hili la inboksi: "Keki ya ghorofa mbili naibebaje mpaka ukumbini?" Hiyo ni video ya sekunde 30. Sekunde tatu za mwanzo onyesha keki iliyolala ubavu ndani ya boksi, na maneno makubwa: "Imeharibikia kwenye kiti cha gari." Usianze na salamu wala nembo ya biashara, watu watapita. Kisha onyesha: kiti cha gari kina mteremko, kwa hiyo boksi linawekwa sakafuni, chini yake kitandikwe kitambaa chenye unyevu kidogo lisiteleze, kiyoyozi kiwashwe kabla keki haijaingia, kwa kuwa krimu ya siagi hulegea kwenye joto, bodaboda haifai kwa ghorofa mbili. Malizia na bei na eneo. Video ya namna hii huhifadhiwa na kutumwa hata na watu ambao hawajawahi kununua kwako.

Simu ya kawaida inatosha. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Simu inayoshinda jikoni huwa na mafuta, na picha hutoka na ukungu. Simama karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni, na uzime taa ya dari ili rangi zisichanganyike. Piga simu ikiwa wima, kwa ubora wa 1080. Ule wa 4K hula nafasi takribani mara tatu na unamaliza bando bila faida inayoonekana kwenye skrini ya simu. Maneno yakae katikati ya skrini, maana chini na kulia hufunikwa na vitufe. Yaandike mwenyewe kwa Kiswahili, kwani wengi hutazama wakiwa wamezima sauti.

Mambo mawili huharibu kazi nzuri dakika ya mwisho. La kwanza ni kujitumia video kwa WhatsApp kutoka simu moja kwenda nyingine kama video ya kawaida: inabanwa na kutoka na chengachenga. Itume kama faili. La pili ni kuchukua video ya TikTok yenye nembo ya TikTok na kuiweka Instagram. Tangu 2021 Instagram ilitangaza kwamba hupunguza kuzipendekeza video zenye nembo za mitandao mingine. Hifadhi video safi kabla hujaiweka popote.

Kuhusu muziki: akaunti za biashara huwa hazipewi nyimbo zote zinazovuma, kwa sababu za hakimiliki. Sauti yako ikieleza kazi yako inatosha.

Posti tatu kwa wiki kwa miezi mitatu ni ratiba ambayo mtu mmoja anaiweza. Piga video nne au tano siku ya oda nyingi, uzitoe moja moja. Anayeposti mara saba wiki ya kwanza kwa kawaida huwa kimya kufikia ya tatu.

Zawadi za "fuata, shea, tagi watu watano" ziache. Facebook inakataza kuendesha shindano kwa kulazimisha watu kushea kwenye kurasa zao binafsi au kutagi marafiki, na hata zisingekatazwa, zinakuletea mshiriki wa Kigoma kwa keki inayopelekwa Sinza tu.

Mahali wateja wanapohifadhiwa

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takribani saa sita, jioni mpaka usiku kwa saa zetu. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021. Mfuasi ni wa mtandao; namba ya simu ya mteja, aliyoitoa kwa hiari yake, ni yako. Iandike pia kwenye daftari. Kwenye WhatsApp Business tumia lebo kutenganisha "ameuliza", "amelipa" na "mteja wa kudumu". Orodha moja ya kutangazia huchukua watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana kadi inayokwenda na keki iandikwe: "Hifadhi namba hii upate ofa."

Kupima, acha kuhesabu wafuasi kila asubuhi. Mara moja kwa mwezi fungua takwimu za akaunti, kwa kila posti gawanya idadi ya waliotumiana kwa idadi ya waliofikiwa. Iliyofika watu 2,000 na kutumwa mara 40 ni asilimia 2. Iliyofika 6,000 na kutumwa mara 30 ni asilimia 0.5. Ya kwanza ndiyo mada ya kurudia kwa sura nyingine, ingawa ya pili ndiyo iliyokufurahisha. Na kila mteja mpya aulizwe, "Umetupata wapi?" Jibu liandikwe.

Mwokaji keki ana hatari moja ya ziada: picha za sherehe za watoto, zenye sura na jina lililoandikwa juu ya keki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Septemba 2023 kamishna wa ulinzi wa data wa Kenya aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Omba ruhusa kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp wenye "ndiyo, unaweza kuweka" uutunze. Mzazi akikataa, piga keki peke yake kabla haijatoka jikoni.

Mwisho ni ulinzi wa akaunti yenyewe. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada wakati wa kuingia, Instagram na WhatsApp, na uhakikishe laini na barua pepe vilivyosajiliwa ni vya mwenye biashara, si vya kijana aliyeifungua akaunti. Anayekuandikia kwamba ukurasa wako utafungwa ndani ya saa 24 usipomtumia namba za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako ni mwizi. Usimjibu, mripoti kisha umzuie.