Anayeimba "Black Magic Woman" si Carlos Santana

Wengi wanaoujua wimbo wa "Black Magic Woman" wanaamini kwamba sauti ile nzito kidogo, yenye ukwaruzo wa mbali, ni ya Carlos Santana. Hawalaumiki. Jina la bendi ni lake, picha ni zake, na gita lake ndilo linalobaki masikioni wimbo ukiisha. Lakini mwimbaji ni Gregg Rolie, na huyohuyo ndiye aliye kwenye kinanda. Ndiye aliyeimba pia "Evil Ways", na miaka michache baadaye akawa mmoja wa waasisi wa bendi nyingine kubwa ya Marekani, Journey, huko nako akiwa mpiga kinanda na mwimbaji. Mimi napiga kinanda kwenye bendi ya dansi na nafundisha vijana chombo hicho. Katika wapiga kinanda wote wa rock, huyu ndiye ninayemsikiliza kuliko wengine, na sababu zangu ni za kifundi.

Rolie alizaliwa Seattle tarehe 17 Juni 1947, akakulia Palo Alto, California, kusini kidogo ya San Francisco. Akiwa kijana alipiga kwenye bendi iliyoitwa William Penn and His Pals. Mwaka 1966 rafiki yake mpiga gita, Tom Fraser, alimsikia Carlos Santana akipiga katika ukumbi wa Fillmore, akamtafuta hadi akampata, akamleta wapige pamoja. Rolie amesimulia kwamba siku hiyo polisi walitokea, na yeye na Carlos wakakimbilia kujificha kwenye shamba la nyanya. Urafiki ukaanzia hapo. Bendi waliyoiunda ikaitwa Santana Blues Band, na kama jina linavyosema, mwanzoni ilikuwa ya bluzi.

Kilichoibadilisha ni ngoma. Tumba ziliingia, kisha timbale, zile ngoma ndogo za chuma zinazopigwa kwa vijiti, na kufikia mwaka 1969 bendi ilikuwa na Michael Carabello kwenye tumba, José "Chepito" Areas kwenye timbale, Michael Shrieve kwenye dramu na David Brown kwenye besi. Hebu fikiria kazi ya mpiga kinanda katikati ya kundi hilo: watu watatu wanapiga ngoma kwa wakati mmoja, na mbele yao kuna gita linalotaka kulia muda wote. Nafasi iliyobaki ni finyu sana.

Na chombo chenyewe si cha kubembeleza. Rolie alipiga ogani ya Hammond B-3, mzigo wa karibu kilo 190 ukijumlisha benchi na pedali za miguu. Ndani yake kuna magurudumu madogo 91 ya chuma yanayozunguka mbele ya sumaku zilizozungushiwa nyaya, na kila gurudumu linazaa sauti yake. Juu ya vibao kuna seti za vijiti vya kuvuta, tisa katika kila seti, na mpigaji huvivuta au kuvirudisha kuchanganya sauti: nyembamba kama filimbi, au pana inayojaza ukumbi mzima. Kisha sauti hupelekwa kwenye kabati la spika liitwalo Leslie. Juu mna pembe inayozunguka, chini mna pipa linalozunguka, na mzunguko una kasi mbili. Ukibadilisha kasi, sauti haibadiliki papo hapo. Inapanda taratibu kwa sekunde chache, na ndiyo maana ogani hii huonekana kama inavuta pumzi kabla ya kupaza sauti.

Jambo kubwa kwa mpigaji ni hili: kwenye piano, ukibonyeza kibao sauti inaanza kufa mara moja. Kwenye Hammond haifi. Kidole kikikaa, sauti inakaa, kwa nguvu ileile, mpaka uinue mkono. Mwanafunzi asiyejua hilo huimeza bendi nzima bila kukusudia. Kodi zake, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinakuwa kama blanketi lililotupwa juu ya kila mtu, na hata tumba hazisikiki tena. Rolie aliijua hatari hiyo mapema. Msikilize vizuri: hukata kodi fupi, huinua vidole, huacha ngoma zipite, na mguu wake wa kulia hauachi kuongeza na kupunguza sauti kwa pedali.

Mfano wangu wa kila siku ni "Oye Como Va". Wimbo ni wa Tito Puente, aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa mtindo wa cha-cha-cha, akitumia filimbi na vyombo vya kupuliza. Bendi ya Santana haikuwa na mpulizaji hata mmoja. Kazi ya kundi zima lile ikaangukia mikono miwili ya Rolie na gita la Carlos. Muziki wenyewe unazunguka kwenye kodi mbili tu, A mainari ya saba na D ya tisa, tangu mwanzo hadi mwisho. Ogani inaweka ule mzunguko mfupi wenye kupiga nje kidogo ya mdundo, inaurudia bila kuchoka, na wakati wa solo yake inaruka juu kwa mara chache kisha inarudi kwenye kazi. Sisi tuliokulia kwenye dansi hatuhitaji maelezo marefu hapa. Muziki wa Kyuba ulitufikia kwa santuri kabla ya rock, Kongo ikaugeuza kuwa wake, na mtu aliyewahi kucheza "Indépendance Cha Cha" ya Grand Kallé na African Jazz ya mwaka 1960 anaelewa mara moja kwa nini kodi mbili zinaweza kumtosha mtu usiku kucha. Afrika ilikuwamo ndani ya bendi hiyo kwa njia nyingine pia: "Jingo", wimbo kutoka kwenye albamu yao ya kwanza, ni wa mpiga ngoma wa Nigeria, Babatunde Olatunji.

"Black Magic Woman" ni wa Peter Green, aliyekuwa kiongozi wa Fleetwood Mac ya Uingereza, ambayo iliutoa mwaka 1968. Rolie ameeleza kwamba ndiye aliyewaletea wenzake. Sauti yake hapo ndiyo ninayoipenda zaidi. Hapambi. Hapandi juu kuonyesha uwezo. Anasema maneno karibu kama mtu anayezungumza, halafu ananyamaza na kumwachia Carlos ajibu. Waimbaji wengi wa wakati ule wangeujaza ule ukimya kwa vilio. Mwanzoni mwa 1971 wimbo ulifika nafasi ya nne Marekani, na albamu yake, Abraxas ya 1970, ilishika namba moja kwa wiki sita.

Kabla ya hapo ilikuwapo Woodstock, tamasha kubwa la muziki la Marekani. Tarehe 16 Agosti 1969 bendi ilipanda jukwaani mbele ya umati mkubwa, na albamu yao ya kwanza ilikuwa bado haijatoka. Bill Graham, mwenye ukumbi wa Fillmore, ndiye aliyeng'ang'ania waandikwe kwenye ratiba. Filamu ya tamasha ilipotoka mwaka 1970, dunia ilimwona Rolie wa miaka 22 akiwa ameiinamia ogani katika "Soul Sacrifice". Kama una nafasi, itazame ukiwa umefumba macho kwa Carlos na kwa Shrieve. Sikiliza ogani peke yake. Kijana yule anapiga kwa ukali ambao hakuuweka kwenye santuri yoyote.

Kufikia 1972 Carlos na Shrieve walikuwa wamezama kwenye jazi, na albamu ya Caravanserai ikawa na uimbaji mdogo sana. Rolie alitaka rock na nyimbo. Aliondoka, akarudi Seattle, akafungua mkahawa na baba yake. Biashara haikushika. Herbie Herbert, aliyekuwa akiisimamia Santana safarini, akamwita: alikuwa anakusanya bendi mpya kumzunguka Neal Schon, kijana mpiga gita aliyejiunga na Santana akiwa bado na miaka ya ujana. Hiyo ndiyo Journey. Onyesho lao la kwanza lilikuwa San Francisco, ukumbi wa Winterland, usiku wa tarehe 31 Desemba 1973.

Albamu tatu za mwanzo, za 1975, 1976 na 1977, aliimba Rolie karibu zote. Zina upigaji wa hali ya juu na ziliuzwa kidogo. Kampuni yao ya santuri, Columbia, ikataka mwimbaji wa mbele, na mwaka 1977 akaja Steve Perry. Sasa weka mwimbaji yeyote unayemjua mahali pa Rolie, umwambie kwamba kesho kuna mtu mpya atasimama katikati ya jukwaa. Bendi ngapi zimevunjika kwa jambo dogo kuliko hilo? Rolie alibaki. Amesema mahojianoni kwamba alikuwa na kazi nyingi mno, kinanda hiki na kile, harmonika na kuimba juu yake. Katika albamu ya Infinity ya 1978 wanagawana wimbo "Feeling That Way": Rolie anafungua kwa sauti yake ya chini, Perry anaipokea juu. Mwaka uliofuata, kwenye "Just the Same Way", Rolie anaongoza na Perry anaitikia. Mimi naziweka nyimbo hizo mbili juu ya nyingi zilizokuja kuipa Journey utajiri.

Mwaka 1980 alijiondoa. Alichoka na barabara na alitaka familia. Nafasi yake ikachukuliwa na Jonathan Cain, ambaye alikuja na piano na sinthesaiza, na albamu iliyofuata, Escape ya 1981, ikafika namba moja. Kwa hiyo aliondoka mlango wa fedha ulipokuwa unafunguka, na sijawahi kumsikia akilalamika. Alitoa albamu zake mwaka 1985 na 1987, na mwaka 1991 akaibuka na bendi ya The Storm pamoja na wenzake wawili wa Journey, Ross Valory na Steve Smith.

Jumba la Heshima la Rock and Roll limempokea mara mbili, 1998 na Santana, 2017 na Journey. Katikati ya hapo, mwaka 2016, ilitoka Santana IV, albamu ambayo kundi la zamani lilikutana tena kuirekodi, na ogani ile imo, bado inakata fupi na kuacha tumba zipite. Kuanzia 2012 alizunguka kwa miaka kadhaa na bendi ya Ringo Starr, mpiga dramu wa zamani wa The Beatles, ambamo kila mwanamuziki hupewa zamu ya kuimba nyimbo zilizompa jina. Zamu ya Rolie ilipofika, aliimba "Evil Ways", "Black Magic Woman" na "Oye Como Va".