Kifundo kimepona, mbona mguu bado unageuka?

Mtu anakuja kliniki akilalamika kwamba kifundo chake cha mguu kiliteguka miezi sita iliyopita. Uvimbe ulikwisha, maumivu yakaisha, lakini tangu siku ile akikanyaga kijiwe tu mguu unamgeuka. Ukimpima nguvu za misuli, hazina kasoro. Ukimwambia asimame kwa mguu huo mmoja, anasimama. Mwambie sasa afumbe macho: sekunde chache tu, ameshashika ukuta.

Kinachomsumbua ni hisi ambayo haikuwemo katika zile tano tulizokariri shuleni. Inaitwa propriosepsheni, jina lililotolewa na mwanafiziolojia Mwingereza Charles Sherrington mwaka 1906, nayo ndiyo inayokujulisha kiungo chako kilipo bila kukitazama. Ni hisi hii inayokuwezesha kushuka ngazi bila kukodolea macho kila kidato. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na vipokezi vidogo vilivyojificha ndani ya misuli, vinavyopima msuli umevutika kiasi gani na kwa kasi gani. Vingine vimo kwenye kano, kwenye ligamenti (zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa) na kwenye ngozi ya unyayo. Ubongo huunganisha habari hizo na zile za macho na za sikio la ndani. Chanzo kimoja kikidhoofika, vingine hubeba mzigo wake, ndiyo maana upungufu huu unaweza kukaa miaka bila mtu kuujua, mpaka taa izimike.

Mwaka 1965 daktari wa mifupa M. A. R. Freeman na wenzake, huko Uingereza, walitoa hoja kwamba kifundo kinapoteguka, hata nyuzi za neva zilizomo kwenye ligamenti huumia. Wagonjwa waliopewa mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba hawakusumbuliwa sana na mguu kugeuka kama wale ambao hawakuyapewa. Kwenye kliniki nyingi za fiziotherapia leo utaukuta ubao wa namna hiyo.

Je, mazoezi hayo yanainoa hisi yenyewe? Hapa watafiti wamebishana sana. Mtu akipimwa kwa kukunjwa goti macho yakiwa yamefungwa, kisha akaambiwa alirudishe pembe ileile, matokeo baada ya mazoezi hutofautiana kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Usawa wa mwili, kwa upande mwingine, huimarika waziwazi. Mimi nasimama na wanaosema kwamba kinachobadilika zaidi ni ubongo: unajifunza kuzitumia vizuri habari ambazo tayari zinafika, na kuiamsha misuli mapema.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mgonjwa, kwa sababu ubongo hujifunza kile hasa unachofanyishwa. Anayefanya mazoezi juu ya ubao tu atakuwa hodari wa ubao. Anayeanguka akigeuka haraka afanye mazoezi ya kugeuka, na anayejikwaa kwenye ngazi afanyie mazoezi kwenye kidato.

Kwa wazee ushahidi ni mzito. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000 wa miaka 60 na kuendelea, na kuonyesha kwamba mazoezi hupunguza matukio ya kuanguka kwa asilimia 23. Waliofaidika waziwazi ni waliofanya mazoezi ya usawa na ya shughuli za kila siku, kama kuinuka kwenye kiti. Kutembea peke yake hakukuonyesha faida ya uhakika katika kuzuia kuanguka. Nalisema hili kwa msisitizo, maana wazee wengi wanaambiwa "tembea tembea tu" na wanaamini wamemaliza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya usawa pamoja na ya nguvu angalau siku 3 kwa wiki kwa wenye miaka 65 na zaidi.

Ukianza nyumbani, simama karibu na meza nzito. Bana miguu pamoja. Ukizoea, weka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, halafu inua mguu mmoja. Vua viatu, umwombe mtu atazame kifundo chako: ataona kano za mbele zikichezacheza chini ya ngozi, kila moja ikirekebisha kosa dogo kabla hujalihisi. Kutikisika huko ndiko zoezi lenyewe. Kukikoma kabisa, ongeza ugumu, kwa kugeuza kichwa kulia na kushoto. Ukilazimika kushika meza kila mara, rudi hatua moja nyuma. Kufumba macho kuje mwisho, na mtu awe pembeni yako.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisi nyayoni, au aliyewahi kuanguka zaidi ya mara moja mwaka huu, aonane kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia. Na usawa ukipotea ghafla, pamoja na ulimi mzito, uso kupinda au mkono kulegea, hilo si la mazoezi: ni dalili za kiharusi, mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.