Injini ikizima, ndege haianguki kama jiwe

Kila ndege ndogo ya mafunzo inapopata ajali, mtaani jibu huwa tayari: injini ilizima, ikaanguka kama jiwe. Sivyo. Kinachoibeba ndege ni hewa inayopita kwenye mbawa. Kazi ya injini ni kuisukuma mbele. Cessna 172, ambayo wanafunzi wengi huanzia, injini yake ikizima mita 1,000 juu ya ardhi, bado inaweza kuteleza hewani kama kilomita 9 siku isiyo na upepo.

Hili hufanyiwa mazoezi kabla mwanafunzi hajaruka peke yake. Mwalimu anapunguza nguvu ya injini ghafla, mngurumo unafifia, na mwanafunzi anatakiwa ashushe pua, ashike mwendo wa kama kilomita 120 kwa saa, kisha atafute shamba la kutua. Kushusha pua ndiko kugumu, maana mikono yenyewe inataka kuvuta usukani ili pua ipande. Ukivuta mno, mwendo unakufa, mbawa zinashindwa kubeba, na hapo ndege huporomoka kweli, hata kama injini inaunguruma vizuri. Karibu na ardhi hakuna nafasi ya kuinusuru.

Tena si kila ajali inahusu injini. Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na Dash 8 ya abiria juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, jirani na uwanja wa ndege wa Wilson. Mwanafunzi na mwalimu wake walifariki; Dash 8, yenye watu 44, ilirudi Wilson ikatua salama.