Hatari ya kambini si fisi

Juzi, kwenye kikao cha kupanga msimu wa uchimbaji wa akiolojia, yaani kuchimbua mabaki ya kale, mkubwa mmoja alisema tena wasichana wasipangiwe kambi za mbali, "kwa usalama wao". Kauli hii naisikia tangu nikiwa mwanafunzi, na imenichosha. Usalama dhidi ya nani?

Mwaka 2014 mwanaanthropolojia Kathryn Clancy na wenzake walichapisha majibu ya watu 666 waliofanya utafiti wa uwandani, wanaakiolojia wakiwemo. Asilimia 64 walikuwa wamesumbuliwa kwa maneno ya kingono. Zaidi ya asilimia 20 waliguswa au kushambuliwa. Wanawake walisumbuliwa zaidi na wakubwa wao wa kazi, wala si mpita njia au mwanakijiji. Waliojibu walijitokeza wenyewe, kwa hiyo sisemi kila kambi iko hivyo. Lakini swali la nani anamsumbua nani limejibiwa.

Kinachoniudhi zaidi ni "si angekataa tu". Akatae vipi? Mkuu wa kambi ndiye mwenye kibali cha kuchimba, funguo za gari, data ya tasnifu yako na barua utakayoombea kazi. Kambi yangu ya kwanza ilikuwa na gari moja, na simu ilishika ukipanda kichuguu. Nilikuta hema langu limeshapigwa kando ya hema la mkuu wa kambi, mbali na wenzangu. Nililala na mwiko wa kuchimbia mkononi. Asubuhi nikachekecha udongo, yeye kasimama mgongoni kwangu. Sikusema kitu, fomu yangu ya mafunzo ilikuwa haijasainiwa.

Halafu wasichana huoshishwa vigae vya vyungu vya kale na kuandikishwa lebo msimu mzima, kisha kazi ikitangazwa wanaambiwa hawana uzoefu wa shimoni.

Sheria ipo. Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitaja rushwa ya ngono. Ila sheria haina gari la kukutoa porini usiku.

Kwenye kambi ninayoiongoza sasa, kanuni dhidi ya usumbufu wa kingono husomwa usiku wa kwanza, wachimbaji wa kijijini na mpishi wakiwepo. Funguo ya pili ya gari haikai kwangu. Kuna namba ya mtu wa nje ambaye si rafiki yangu. Ninaposhindwa ni kwa mpishi: mimi ndiye ninayemlipa kila Jumamosi, na sina hakika kama angeipiga namba hiyo kunishtaki mimi.