Mpira wa machozi haukuwekwa ukae milele

Mama mmoja anayeanika dagaa Kirumba alikuja kliniki na leso mkononi. Jicho lake la kushoto lilikuwa likichuruzika mwaka wa tatu sasa. "Dokta, nikiinama kuanua dagaa, machozi yanawadondokea," akaniambia. Nikambonyeza kidogo kando ya pua, chini ya kona ya jicho. Usaha ukachomoza kwenye kitundu cha kope.

Kitundu hicho ndicho mlango. Kimoja kipo kope ya juu, kingine ya chini. Machozi huingia hapo, hupita vijia vyembamba mpaka kwenye kifuko, kisha huteremka puani; ndiyo maana mtu akilia kamasi hazikawii. Kupima si kazi kubwa: natia maji ya chumvi kwa sindano yenye ncha butu. Mgonjwa akisema anaisikia chumvi kooni, njia iko wazi. Kwa mama huyu maji yote yalirudi, yamechanganyika na usaha.

(Si kila jicho linalotoa machozi limeziba, lakini. Kuna moshi wa kubanika samaki, na kuna kope zilizojikunja ndani baada ya trakoma. Mwenye hayo ukimwekea mpira wa kushikilia njia ya machozi, umemsumbua bure.)

Mwanawe alikuwa ameshasoma kwenye simu habari za stenti, kijimrija kinachowekwa ndani ya njia ya machozi ili isizibe. Akauliza: akiwekewa, ndiyo basi?

Hapo nikavuta kiti, kwa sababu watu huita stenti vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni mpira mwembamba wa silikoni unaopitishwa kwenye vitundu hadi puani. Kazi yake ni kushikilia njia wakati kidonda kinapona, kisha unatolewa, mara nyingi baada ya miezi michache. Kwa mtoto ambaye njia yake haikufunguka, au mtu mzima ambaye njia imebana tu bila kuziba kabisa, unasaidia sana. Na watoto wengi hawaufikii: karibu 9 kati ya 10 hufunguka wenyewe kabla ya mwaka mmoja, mama akiwakanda kifuko kwa kidole.

Cha pili ni stenti ya plastiki iliyokusudiwa kubaki ndani ya mfereji, iliyopata umaarufu miaka ya 1990. Mwanzoni ilifurahisha: hakuna kukata ngozi, jicho linakauka mapema. Miaka ilipopita, ute ukaganda ndani yake, nyama ikaota kwenye ncha, na wengi wakarudi na machozi yaleyale. Nyingine zikabidi zitolewe. Ukimfuatilia mgonjwa miezi mitatu utaisifu. Mfuatilie miaka mitano.

Hata ule wa silikoni ukisahaulika huleta balaa. Nilimpokea mzee kutoka ng'ambo ya Kamanga aliyekaa nao miaka minne. Alipowekewa hakuambiwa tarehe ya kurudi. Mpira ulikuwa umekikata kitundu cha kope ya chini kikawa ufa, kama kamba inavyokata sabuni. Kuutoa kulichukua dakika mbili. Ufa ule haukurudi kuwa kitundu.

Kwa mtu mzima aliyeziba kabisa, kama mama wa dagaa, mimi bado nasimama na upasuaji ambao Toti, daktari wa Italia, aliuandika mwaka 1904: unatoboa mfupa kando ya pua na kukiunganisha kifuko moja kwa moja na pua. Siku hizi unaweza kufanywa kwa kamera kupitia puani, bila kovu usoni. Karibu 9 kati ya 10 hufanikiwa, na njia iliyopona vizuri huwa inadumu.

Alikubali. Nilimpasua, nikamwekea mpira kwa wiki chache, nikautoa tarehe niliyomwandikia kwenye kadi kwa wino mwekundu.

Mwaka uliofuata akaja na lalamiko jipya: akipenga kamasi kwa nguvu, upepo unamtokea kwenye kona ya jicho.

"Hiyo ndiyo njia yako, mama," nikamwambia. "Iko wazi. Penga taratibu."