Je, wajua kwa nini jembe la kijijini huenda lisihesabiwe kuwa kazi?

Busia ni mji mmoja uliokatwa na mpaka, nusu Uganda, nusu Kenya. Mwanamke wa upande huu analima muhogo wa kula nyumbani, na jirani yake wa upande wa pili analima muhogo ule ule. Lakini takwimu za nchi mbili zinaweza kumwita mmoja mfanyakazi wa mjini, na mwenzake mtu wa kijijini aliye nje ya nguvukazi, yaani hana ajira wala haitafuti. Wala karani hajakosea. Kila upande una jibu lake kwa maswali matatu: mji ni nini, umri wa kazi unaanza lini, na kazi ni ipi.

Tuanze na mji. Kenya hutazama vichwa: makazi yaliyosongamana yakifika watu 2,000, ni mji. Uganda hutazama cheo, yaani jiji, manispaa au mji mdogo wenye baraza lake, mradi umetangazwa rasmi na serikali. Sensa ya Uganda ya 1991 ilihesabu pia vituo vya biashara visivyotangazwa vyenye watu zaidi ya 1,000, na sensa ya 2002 ikaviacha nje. Kwa hiyo kituo chenye watu 3,000, maduka, mashine ya kusaga na stendi ya bodaboda kinaweza kubaki "kijiji" upande wa Uganda na kuwa "mji" ng'ambo ya pili.

Kinyume chake hutokea pia. Julai 2020 Uganda ilianzisha majiji mapya, yakiwemo Arua, Gulu, Jinja, Mbale, Mbarara, Masaka na Fort Portal. Majiji haya yalimeza magombolola (kata) ya jirani pamoja na mashamba yake. Mkulima wa matoke alilala kijijini akaamka mjini bila kuhama hata hatua moja, na ghafla takwimu zikaonyesha wakulima wengi "mijini". Ukiona sensa ya Uganda ya 2014 ikitaja wakazi wa mijini asilimia 21, na ile ya Kenya ya 2019 asilimia 31, usikimbilie kusema Wakenya wamehamia mjini zaidi. Sehemu ya pengo hilo ni cheo dhidi ya vichwa, na sehemu ni miaka mitano iliyopita kati ya sensa hizo.

Umri hauna mambo mengi. Uganda huripoti kwa kawaida miaka 14 hadi 64, Kenya 15 hadi 64. Mwaka mmoja tu, lakini Uganda ina watoto wengi, na wengi wa umri wa miaka 14 wako shuleni. Ukiwajumlisha, kiwango cha ushiriki katika nguvukazi hushuka. Dawa ni kutafuta jedwali la 15–64 kwa nchi zote mbili, au kulikokotoa upya kutoka data ghafi, bila kusahau uzito wa sampuli, yaani idadi ya watu ambao kila aliyehojiwa anawawakilisha.

Swali la tatu ndilo linalovuruga watu. Oktoba 2013, wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani wakabadilisha maana ya ajira. Kabla ya hapo, kulima chakula cha nyumbani kulikuwa ajira. Baada ya hapo ajira ni kazi ya malipo au faida tu. Anayelima hasa kwa ajili ya sufuria yake anafanya kazi, ndiyo, ila hana ajira. Na kama hatafuti ajira, hahesabiwi hata kuwa asiye na ajira.

Chukua kijiji cha kubuni chenye watu 100 wa umri wa kazi. 30 wanauza mazao au wanalipwa, 40 wanalima chakula chao tu, 5 wanatafuta kazi, 25 ni wanafunzi, wagonjwa na wengineo. Kwa kipimo cha zamani nguvukazi ni 75, na ukosefu wa ajira ni 5 kwa 75, karibu asilimia 6.7. Kwa kipimo kipya nguvukazi ni 35, na ukosefu ni 5 kwa 35, asilimia 14.3. Hakuna aliyefukuzwa kazi! Mjini, ambako wachache hulima chakula chao, namba hazitikisiki sana. Ndiyo maana pengo la mji na kijiji linaweza kugeuka kabisa ripoti ikibadilisha kipimo.

Basi kabla ya kulinganisha, soma ukurasa wa fasili kwanza. Weka wakulima wa chakula cha nyumbani kwenye safu yao peke yao kwa nchi zote mbili. Usitumie "ajira katika kilimo" badala ya "ajira vijijini": mwalimu wa kijijini halimi, na wako wanaofuga kuku katikati ya Kampala. Angalia pia mwezi wa mahojiano, kwa kuwa maswali huhusu siku saba zilizopita, na wiki ya kupanda mwezi Machi si wiki ya kiangazi ya Januari.

Jambo moja haliponi kwa jedwali lolote. Tafiti hizi huhesabu mtu anapolala. Anayelala Wakiso, wilaya jirani, na kufanya kazi Kampala huhesabiwa Wakiso. Na mchuuzi anayelala Busia ya Uganda akauza nyanya Busia ya Kenya ni ajira ya Uganda, ingawa kila shilingi aliyopata siku hiyo ni ya Kenya.